Bunduki Niliyomchagulia Bwana Faraji

Bi Sikudhani alizikwa Kibiti baada ya sala ya adhuhuri. Habari niliipata asubuhi kwa simu, nikapanda gari kutoka Mkongo, nikafika wakati wanaume wamesharudi kutoka makaburini na sisi wanawake tumetandikiwa majamvi uani. Nyumba ni ile ile, ila bati limebadilishwa, na sakafu iliyokuwa ya saruji nyekundu siku hizi ina vigae. Nilikaa nimenyoosha miguu, maana magoti yangu hayakunjiki tena vizuri, nikapewa kikombe cha kahawa. Mjukuu wa marehemu, msichana wa chuo, akachutama mbele yangu na kusema kwa sauti ya chini, "Shikamoo bibi. Eti ni wewe uliyemchagulia babu bunduki?" Wanawake waliokuwa karibu wakageuka. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. "Alikuwa mwindaji?" Nikamwambia hapana, alitaka kupiga vifuu vya nazi. Wawili watatu wakacheka kwa adabu ya msibani, mkono mdomoni. Mama mmoja mtu mzima, ambaye kwa matamshi yake nilijua ametoka Mbuchi, hakucheka. Alinitazama kama anayelinganisha sura na maneno aliyoyasikia zamani. Nikaelewa kwamba kule kwao kwenye delta habari ile bado inasimuliwa, na kwamba inasimuliwa vibaya. Ndiyo maana naiandika, kama ilivyokuwa.

Mwaka ule ulikuwa wa kwanza wa ualimu wangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka chuo, na kabla ya chuo nilikuwa nimepita kambini jeshini kama wahitimu wote wa wakati ule. Kambini sikuwa hodari wa kukimbia wala wa kulima, lakini siku ya kupiga shabaha niliwashinda wasichana wote wa kikosi changu na wavulana wengi. Sijui kwa nini. Mkono wangu ulitulia tu. Nilipopangiwa shule Kibiti, mwalimu mkuu alinitafutia chumba kwa Bwana Faraji, nyumba ya korido katikati na vyumba pande mbili, cha kwangu kikiwa cha mwisho, kinatazama ua. Kilikuwa na kitanda cha mninga, meza isiyolingana miguu, na dirisha la nyavu ambalo asubuhi lilileta harufu ya moshi na ya nazi. Ilikuwa miaka ya ruksa. Miaka michache nyuma yake sukari na sabuni vilikuwa vya foleni. Sasa maduka ya barabarani yalikuwa yamejaa khanga za kila namna, redio, nguo za mitumba zilizomwagwa chini juu ya turubai. Mtu aliyejua kuuza kitu aliuza. Bwana Faraji alijua. Alikuwa na lori moja, alinunua boriti za mikoko na kamba wa baharini kule Mbuchi, akapeleka Dar, akarudi na mabati, misumari na unga. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, msafi, mwenye kusali kwa wakati, na aliyependa kusikilizwa.

Mkewe, Sikudhani, mimi nilimwita Da Siku. Alikuwa amenizidi miaka kumi na tatu, mnene wa wastani, mwenye macho yasiyo na haraka. Hakuwa msemaji. Wiki ya kwanza nilidhani hanitaki, mpaka niliposhikwa na homa, nikazinduka kumkuta ameketi mlangoni kwangu anachambua mchele, kimya, kama kwamba chumba changu ndicho mahali pake pa kuchambulia mchele siku zote. Tangu hapo tulikuwa watu wa nyumba moja. Alinifundisha kupika bada, ugali wa muhogo, isiyo na madonge, na jinsi ya kumwosha kambale kwa majivu mpaka utelezi utoke. Jioni alinisikiliza nikimlalamikia wanafunzi. Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne. Sikuwahi kumsikia akilitaja hilo kama jambo la kusikitisha wala la kujivunia.

Habari ya bunduki ilianza mwezi wa tatu. Bwana Faraji alikuwa amerudi kutoka Dar, na huko alilala kwa rafiki yake mwenye banda la video. Alikuwa ameona sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, tatu mfululizo, na katika zote tatu lililomvutia halikuwa farasi wala kofia. Ni ile bunduki ya kukoki kwa chini. Mtu anashusha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio, anaupandisha, risasi nyingine imeingia, anapiga tena, bila kuondoa kitako begani. Alituonyesha kwa ufagio wa chelewa kwenye korido, akishusha na kupandisha mkono, "Chaka-chaka! Chaka-chaka!" Da Siku alikuwa anapakua wali. Akasema, "Ufagio huo ni wa chooni." Tulicheka, lakini mume wake hakuwa anatania. Kwa polisi, kwenye maombi ya kibali, alisema ni ya kulinda mali. Kwetu alisema kweli. Wenzake wenye fedha walikuwa wananunua televisheni, ingawa Kibiti umeme wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Yeye alitaka jioni ya Jumapili aende mahali, apige shabaha na marafiki, arudi nyumbani akiwa ametulia. Sijawahi kuona ubaya wa hamu hiyo, hata leo. Na alipokumbuka kwamba mpangaji wake aliwahi kushika bunduki jeshini, akasema, "Basi mwalimu ndiye atakayenichagulia."

Tangu siku ile utaratibu wa chakula ulibadilika. Zamani alikula barazani na wageni wake, sisi tukala jikoni. Sasa alitandika jamvi kwenye korido tukala watatu, sinia moja, ili mazungumzo ya bunduki yaendelee. Niliona ni jambo la kawaida. Nilikuwa kijana, nilipenda kuulizwa jambo ninalolijua, na hakuna mtu mwingine Kibiti aliyenihitaji kwa lolote zaidi ya hesabu za darasa la tano. Alikuwa amekusanya maneno kutoka kwa watu. Mmoja kamwambia anunue kubwa, kwa sababu bunduki ndogo ni ya watoto. Mwingine kamwambia risasi nene ndiyo heshima. Nilimweleza kwamba namba zile wanazozitaja ni unene wa risasi, na kwamba swali la kwanza si unene, swali la kwanza ni unataka kupiga nini.

"Nataka kupiga shabaha," akasema.

"Shabaha gani?"

"Makopo. Vifuu."

"Kifuu hakijui unene wa risasi, Bwana Faraji."

Da Siku alicheka kwa pua, akamega tonge. Mume wake akasema tutaona.

Tuliona. Rafiki yake Kitwana, mwenye kiwanda cha mbao njia ya kwenda Mtunda, alikuwa nayo bunduki ya aina ile ile ya kukoki kwa chini, tena kubwa, ile wanayoiita thelathini-thelathini, aliyoitumia kwa nguruwe. Jumapili moja tulikwenda kwenye shimo la kifusi, mahali greda za barabara zilipokuwa zimechimba udongo mwekundu na kuacha ukuta mrefu upande mmoja, mzuri wa kukinga risasi. Kitwana alipiga kwanza, nchi ikatikisika, ndege wakahama. Akampa Faraji. Alipiga mara tatu. Mara ya kwanza risasi ilikwenda juu kidogo ya kifuu. Ya pili ilikwenda mbali nacho. Ya tatu sijui ilikwenda wapi. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake na nilimtazama usoni, sikutazama kifuu, kwa sababu hivyo ndivyo koplo wetu kambini alivyokuwa akitutazama. Kabla ya risasi ya pili kutoka, Faraji alikuwa ameshafumba macho. Kabla ya ya tatu, alikuwa ameshafumba macho na kurudisha bega nyuma. Mwili ulikuwa umejifunza teke la bunduki ile kwa risasi moja tu, na kila aliposhika kifyatulio ulikuwa unajihami. Mimi mwenyewe nilipiga mara mbili. Ya kwanza nilipata. Ya pili nilijisikia nikifanya kama yeye, nikairudisha bunduki kwa mwenyewe.

Jioni Da Siku alimkanda bega kwa maji ya moto na chumvi. Lilikuwa limeiva kama zambarau. "Nimezoea kubeba boriti," Faraji alikuwa anasema, "hili si kitu." Mkewe akabana kitambaa, mume akaruka. Siku ile hatukuzungumza bunduki wakati wa kula.

Mwezi wa sita, shule zilipofungwa, nilikuwa naenda Dar kwa shangazi yangu, na Faraji alikuwa na mzigo. Nilipanda lori lake pamoja na mama mmoja wa jirani aliyepeleka korosho kwa wanawe. Kesho yake asubuhi tulikutana dukani, duka la bunduki na nyavu na ndoano, mahali penye harufu ya mafuta ya mashine na karatasi kuukuu. Muuzaji alikuwa mzee wa Kihindi mwenye kanzu fupi na sweta juu yake, ingawa nje jua lilikuwa kali. Alizipanga tatu juu ya kaunta, zote za kukoki kwa chini, kwa sababu mteja alikuwa hataki kusikia aina nyingine. Moja ilikuwa thelathini-thelathini, ndugu yake ile ya Kitwana. Moja ilikuwa arobaini na nne, fupi na nene, ambayo mzee alisema ni nzuri kwa nguruwe wa karibu, vichakani. Ya tatu ilikuwa ishirini na mbili, nyembamba, mti wake wa rangi ya asali, risasi zake ndogo kama kipande cha penseli.

Faraji alishika zote, akaikoki kila moja ikiwa tupu. Nilimwona uso ulivyong'aa kwa ile ya pili. Mzee akamwambia bila kushawishi, "Hii risasi zake ngoja meli. Hii ya kwanza pia, leo ipo, mwezi ujao sijui. Ndogo ipo siku zote." Faraji akanigeukia. Nikamwambia niliyokuwa nimeyafikiri tangu shimo la kifusi. Kwamba mtu apigaye kwa kujifurahisha anataka kupiga sana, jioni nzima, na kubwa itamchosha bega na mfuko kabla ya jua kushuka. Kwamba ndogo haina teke, kwa hiyo macho yake yatabaki wazi, na ataanza kupata, na kupata ndiko kunakofurahisha. Na kwamba asiidharau kwa udogo, inaua mtu ng'ambo ya bonde kama zile nyingine; kwa hiyo ipigwe kwenye shimo la kifusi tu, penye ukuta. Alisikiliza, akaipima mkononi ile nyembamba.

"Hii hata mwanamke anaipiga," akasema.

"Ndiyo," nikajibu, "tena ndiyo sababu nyingine."

Sentensi hiyo nimeirudia kichwani kwa miaka mingi, na bado naona ilikuwa sentensi sahihi. Nilikuwa namfikiria Da Siku. Faraji alikuwa mtu wa safari, usiku wa wiki nzima wakati mwingine, na kitu kile kingebaki ndani ya sanduku la chuma katika chumba chake cha kulala. Sikupenda kibaki na mtu anayekiogopa. Lakini hilo lote sikulisema. Nilisema nusu yake, na mzee wa duka akatabasamu, na Faraji akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akatoa fedha.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya raha. Kila Jumapili alasiri tulikwenda shimoni, Faraji na Kitwana na mimi, mara nyingine na walimu wawili. Faraji alianza kupata. Mwezi wa nane alikuwa anaangusha vifuu vinne katika vitano, na Kitwana aliyeicheka bunduki ile mwanzoni sasa aliiomba zamu baada ya zamu. Da Siku hakuja. Tuliporudi aliuliza, "Leo mmepata?" kwa namna ya mtu anayeuliza kama sokoni kuna nyanya. Lakini vifuu tulivyovipiga vilitoka jikoni kwake. Alikuwa ameweka kikapu karibu na mbuzi ya kukunia nazi, na kila nazi iliyokwisha alitupia kifuu humo badala ya motoni. Hakuna aliyemwomba.

Mwezi wa tisa shule zilifungwa siku chache, na kule Mbuchi dada yake Faraji, Mwajuma, alikuwa anamwoza binti yake. Da Siku alikuwa aende, lakini mwanawe mdogo akashikwa na surua, akaniomba nimpelekee doti za khanga na salamu. Nilikwenda kwa mashua ya mashine kutoka Nyamisati pamoja na wanawake wengine. Faraji alikuwa ameshatangulia kwa mambo ya kamba. Njia za maji zilijipinda kati ya mikoko mpaka sikujua tena bahari iko wapi, kisha ukafunguka uwanda wa mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, madungu ya kufukuzia ndege yakiwa matupu juu ya nguzo zake. Mwajuma alinipokea kwa kunikumbatia zaidi ya nilivyotarajia. Nilipewa chumba peke yangu, wakati wageni wengine walilala sita sita. Mkeka wangu ulikuwa mpya. Kwenye chakula cha mchana, wali mpya wa nazi unaonukia nyumba nzima, niliwekewa kichwa cha samaki, na mama mmoja akaniita "bi mdogo." Nilidhani ni utani wa harusi.

Alasiri nilijilaza. Ukuta ulikuwa wa udongo na juu haukufika kwenye makuti, na upande wa pili wanawake wawili walikuwa wanatwanga. Walizungumza kati ya pigo na pigo, kwa hiyo nilisikia vipande vipande, lakini nilisikia vya kutosha.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye. Kaka kasema akimaliza mwaka wa shule anatuma watu kwao."

"Bi mkubwa kakubali?"

"Sijui. Lakini huyu mwenyewe kakubali siku nyingi. Bunduki ile walikwenda kununua wote. Kamchagulia ndogo, ya mkono wa mwanamke. Ya saizi yake."

"Mwe! Mjanja."

Wakaendelea kutwanga. Nilikaa juu ya ule mkeka mpya. Kilichoniuma kwanza, na hili huenda likaonekana dogo, ni ile bunduki. Nilikuwa nimefikiri vizuri, nimetoa ushauri mzuri, pengine ushauri wangu bora kuliko wote tangu nianze kazi, na watu walikuwa wameugeuza kuwa hirizi ya kuvutia mume. Kisha nikafikiria mambo mengine. Nisiseme uongo: nilimfikiria pia Faraji. Hakuwa amewahi kunigusa wala kuniambia neno lisilofaa. Mshahara wangu ulikuwa unaisha kabla ya katikati ya mwezi. Wenzangu wa chuo waliolewa na watu walio chini yake kwa kila kitu. Nilijipa nafasi ya kulifikiria jambo kama mtu mzima, mpaka mapigo ya kinu yakakoma, na nilipomaliza kulifikiria niliona kitu kimoja tu: Da Siku ameketi mlangoni kwangu na ungo wa mchele. Nikajua siwezi kuingia katika nyumba ile kwa mlango mwingine.

Harusi niliimaliza kama kawaida. Nilipiga vigelegele na kula, kesho yake nikarudi na mashua ya kwanza.

Da Siku nilimkuta jikoni, juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mtoto alikuwa amepona, anacheza na majivu. Nilimpa salamu za Mwajuma, nikakaa kwenye kigoda. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wamekwambia."

"Nimesikia ukutani."

"Mimi nilijua tangu mwezi wa tano. Mwanamume akianza kukata kucha kila wiki." Akageuza nazi. "Nilikaa kimya nikutazame. Ungemchagulia ile kubwa, ningesema huyu anataka kumfurahisha. Uliporudi na hii ndogo, nikashindwa kukujua. Watu wakaniambia, kaichagua kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe. Nikasema, haya."

"Niliichagua kwa kipimo cha mkono wako, Da Siku."

Aliacha kukuna.

"Yeye ni mtu wa safari," nikasema. "Wewe ndiye unayebaki nayo ndani. Nilitaka iwe kitu usichokiogopa."

Alimaliza nusu ile mpaka akafika kwenye kifuu, akakigonga, akakitupia kikapuni.

"Wewe unamtaka?"

"Simtaki."

"Basi mwambie. Lakini mwambie mbele yangu, usimwandikie. Ukimwandikia atasema nimekulazimisha mimi."

Faraji alirudi baada ya siku mbili. Tulikula watatu kwenye korido, wali na kamba wa kukaanga aliowaleta mwenyewe, wakubwa, waliopinda kama ndoano. Nilingoja amalize tonge la mwisho, kwa sababu nilifundishwa kwamba mtu hapewi habari mbaya na chakula mdomoni. Nikasema, "Bwana Faraji, kule Mbuchi nimesikia jambo. Kama si kweli, nisamehe. Kama ni kweli, jibu langu ni hapana."

Alinawa mkono polepole, kidole kwa kidole. "Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nifuate utaratibu, nitume wazee kwenu. Sikutaka usikie kwa watu."

"Najua. Hukunikosea adabu."

"Nina ubaya gani?"

"Huna. Ila nyumba hii nimeshaingia kama ndugu."

Akamgeukia mkewe. "Wewe umemwambia nini?"

"Mimi nimekuna nazi," Da Siku akasema.

Mtoto alisinzia kwenye ukingo wa jamvi, tukasikia lori la mtu mwingine likipita barabarani na kwenda zake. Faraji alikuwa mtu wa heshima, na aibu ilimfanya kama inavyowafanya watu wa heshima: akatafuta kitu kidogo cha kukasirikia. "Basi ile bunduki nitairudisha," akasema. "Nitachukua kubwa kama ya Kitwana. Ile niliichukua kwa sababu..." Hakumaliza.

"Kwa sababu gani?" mkewe akauliza.

"Kwa sababu mwalimu alisema inamfaa mwanamke."

"Na mimi ni nani?" Da Siku akasema. Hakupaza sauti. "Humu ndani, Faraji, mimi ni nani? Mwanamume?"

Sijawahi kumwona mtu akitazama sinia tupu kwa muda mrefu namna ile. Da Siku akakusanya vyombo, akasimama. "Bunduki hairudi. Jumapili mwalimu atanifundisha." Akaenda zake uani, nami nikamfuata na jagi la maji kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Jumapili ile Kitwana hakualikwa. Faraji aliendesha lori mpaka shimoni, akapanga vifuu mwenyewe, halafu akarudi kukaa ndani ya lori akijifanya anasikiliza redio. Nilimfunga Da Siku khanga kifuani ili ushungi usimsumbue, nikamwonyesha mahali pa kitako, penye nyama ya bega, na jinsi shavu linavyolala juu ya mti. Nikamwambia ashushe mkono wa chini hadi mwisho, bila kuogopa, aupandishe. Nikamwambia avute pumzi, aitoe nusu, abonyeze kama anayebonya embe kujua kama limeiva. Risasi ya kwanza ilipotoka alinigeukia akiwa ameduwaa.

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii tu."

"Na ule mlio wa siku zote, na bega la zambarau?"

"Ile ilikuwa ya Kitwana."

Akakoki. Alikosa ya pili na ya tatu, ya nne kifuu kikapasuka vipande viwili. Hakushangilia. Aliguna kidogo, kama anapoonja mchuzi na kukuta chumvi imetosha, akakoki tena. Tulipofika kifuu cha mwisho, Faraji alikuwa ameshazima redio na kushuka, amesimama karibu na tairi, mikono nyuma. Njiani kurudi alisema, akitazama barabara, "Unabonyeza vizuri kuliko mimi." Da Siku akamjibu, "Nimekanda unga miaka ishirini."

Mambo yaliishia hivi. Januari nilihamishiwa Mkongo, kwa kawaida ya uhamisho, na huko nikaolewa, nikazaa, nikastaafu. Faraji alioa mke wa pili miaka miwili baadaye, mjane wa kule kule Mbuchi, na safari hii alimwambia Da Siku kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Sisemi kwamba jambo lile halikumwuma. Aliniambia lilimwuma, akaniambia pia kwamba aliulizwa, na kwamba kuulizwa si kitu kidogo. Jumapili za shimoni ziliendelea hata baada ya ndoa ile, zake na mumewe tu, mpaka Faraji alipoanza kuugua miguu. Watu wa Mbuchi waliendelea na hadithi yao. Hadithi ya mwalimu mjanja ni tamu kuliko hadithi ya mwalimu aliyepima uzito wa kitu na kufikiria ni nani atakayekibeba.

Jumapili yangu ya mwisho kabla ya kuhama tulikwenda watatu. Lilikuwa jua la Desemba, kali, na udongo wa shimo ulikuwa mwekundu kama pilipili. Da Siku alisimama pembeni yangu, bunduki mkononi, mtutu chini, mkono wa chuma umeshushwa na chumba cha risasi kiko wazi, kama ipasavyo. Faraji alikuwa kule mbele kwenye ukuta, ameinama, anapanga vifuu kimoja kimoja juu ya jiwe, bila haraka. Alivipanga vyote na hakugeuka nyuma hata mara moja.

"Anakuamini," nikasema.

"Hapana," Da Siku akasema, "anaogopa kugeuka."

Tulicheka mpaka nikashika magoti. Faraji akaja akijipangusa vumbi la mikono, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza tunacheka nini.

"Hatucheki," mkewe akamjibu, akipandisha ule mkono wa chuma. "Simama nyuma yangu."